Baiskeli za watoto: tununue huku Ujerumani kabla ya kurejea Dodoma, au tusubiri tufike nyumbani?

Baba wa Wawili, Leipzig

Ndugu zangu wa Dodoma, mbukwenyi. Ninaishi Leipzig, Ujerumani, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, na Mungu akipenda tutarejea nyumbani Ilazo katikati ya mwaka huu, nikishamaliza masomo. Binti yetu ana miaka sita, na mdogo wake wa kiume ametimiza mitatu. Nimewaahidi baiskeli, na ahadi hiyo nataka kuitimiza vizuri, kwa sababu tulipofika huku binti alikuwa mpweke sana, na baiskeli ya mtoto wa jirani ndiyo iliyompatia marafiki. Sheria ya barabarani ya hapa inamruhusu mtoto ambaye hajafikisha miaka 8 kuendesha baiskeli yake kwenye njia ya waenda kwa miguu, na mzazi anayemsindikiza anaweza kupita naye huko huko, kwa hiyo asubuhi watoto wa mtaa mzima huenda shuleni kwa msafara. Binti yangu alijifunzia kwenye baiskeli hiyo ya jirani, ambayo ni ya inchi 16, na sasa anaiendesha bila kushikiliwa. Mdogo wake hajawahi kupanda.

Tatizo langu ni kuchagua. Madukani nimeona baiskeli za alumini za woom, kampuni ya Austria, ambazo ni nyepesi mno lakini mpya ya inchi 16 inazidi euro 300, nami ninaishi kwa fedha za ufadhili. Nimeona pia za Puky, kampuni ya Kijerumani ya tangu mwaka 1949, ambazo zinapatikana kwa wingi zikiwa zimetumika. Vilevile zipo za bei ya chini kabisa zinazouzwa pamoja na vitu vya kuchezea, ila nilipoinyanyua mojawapo kwa mkono niliona ni nzito karibu sawa na baiskeli yangu mwenyewe. Kaka yangu aliyeko Nkuhungu ananishauri nisisumbuke, ningoje nikanunue ya mtumba kutoka Japani nikifika, au nikinunua huku ninunue ya inchi 24 ili binti aitumie hadi amalize darasa la saba. Ninamheshimu kaka yangu, lakini sina hakika. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kupitia jambo hili, hasa mnaofahamu baiskeli ya mtoto inavyohimili mchanga na miiba ya kwetu.

Mama Iyumbu

Baba wa Wawili, karibuni sana nyumbani. Sisi tulirejea kutoka Uingereza miaka miwili iliyopita tukiwa na watoto wa umri unaokaribiana na wa kwenu, na kosa tulilofanya mwanzoni ni hilo hilo la kutazama umri na inchi kabla ya kumtazama mtoto mwenyewe. Kabla hujaingia duka lolote, msimamishe binti ukutani bila viatu, mpe kitabu chenye jalada gumu akibane katikati ya mapaja na kukisukuma juu taratibu hadi kiguse msamba, kisha pima kwa futi kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho ndicho cha kwenda nacho dukani. Mtoto anayeanza kujifunza anahitaji kiti ambacho kikishushwa hadi mwisho kinalingana na kipimo hicho au kiko chini yake kidogo, ili nyayo zote mbili zikanyage chini. Aliyekwisha kujua, kama binti yako, anaweza kukalia kiti kilichozidi kwa sentimita tatu hadi tano, akagusa ardhi kwa vidole na bado akawa salama. Usidanganyike na namba ya inchi peke yake, kwani inataja gurudumu na si fremu, na nimewahi kuona baiskeli mbili za inchi 20 ambazo viti vyake vilipitana kwa upana wa kiganja changu.

Jambo la pili ni uzito. Mtoto wa miaka sita ana kilo 20 hivi, na baiskeli ya chuma ya bei rahisi ya inchi 16 inaweza kufika kilo 9 au 10, yaani karibu nusu ya uzito wake. Ingekuwa mimi na wewe, ni sawa na kuendesha baiskeli ya kilo 35 na kuinyanyua kila inapoanguka. Hizo za woom unazozitaja zina kilo tano na ushee kwa inchi 16. Ninasema haya kwa uchungu kwa sababu binti yangu wa kwanza alinunuliwa baiskeli nzito na ya kupendeza, yenye kikapu na riboni, akaichukia ndani ya wiki mbili, nasi tukadhani mtoto ni mwoga. Tulipompa nyepesi iliyotumika, aliendesha siku ile ile hadi giza likaingia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mnunue huko, mnunue iliyotumika, na iwe ya kampuni inayotengeneza baiskeli za watoto kwa dhati. Watoto hukua haraka, kwa hiyo nyingi huuzwa zikiwa bado nzima. Kagua kutu kwenye mnyororo na spoki, maana barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kunja ubavu wa tairi uone kama mpira umepasukapasuka. Na omba risiti ya awali ili usije ukanunua mali ya wizi bila kujua.

Kwa mtoto wa miaka mitatu, usimnunulie yenye vigurudumu vya pembeni. Mtafutie ile isiyo na pedali kabisa, ambayo mtoto huikalia na kuisukuma kwa miguu. Hata hiyo baiskeli ya kwanza kabisa aliyoionyesha Karl von Drais huko Mannheim mwaka 1817 haikuwa na pedali, na mtu mzima aliiendesha kwa kukimbiza miguu chini. Mtoto hujifunza kwanza kujizuia asianguke, jambo ambalo ndilo gumu. Kukanyaga pedali atakuja kujifunza kwa nusu siku. Vigurudumu vya pembeni vinamfundisha kinyume chake, kuegemea upande, na siku ukivitoa anaanza upya.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa

Nimesoma kwa makini maelezo ya Mama Iyumbu na nayaheshimu, lakini naomba nimtetee kidogo kaka wa mwuliza swali. Sisi tulijifunza baiskeli kwa Phoenix za baba zetu, mguu mmoja tumeupenyeza katikati ya fremu kwa sababu kiti hatukukifikia, na tukajua. Mzazi wa kipato cha kawaida hawezi kununua baiskeli mpya kila baada ya miaka miwili. Baiskeli ya inchi 24 aliyonunuliwa binti mmoja inaweza kumfikisha sekondari na baadaye ikarithiwa na mdogo wake. Sioni ubaya wa mtoto kukua akiifuata baiskeli yake.

Fundi wa Majengo

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Dodoma, karibu na Soko la Majengo, na kazi hii nilirithishwa na marehemu baba yangu. Sina nia ya kukupinga, mzee wangu, ila naomba nieleze ninachokiona kila Jumamosi, siku ambayo wazazi huja na watoto.

Mtoto aliyenunuliwa baiskeli kubwa anaweza kuiendesha ikiwa inakwenda. Shida yake huanza anapotaka kusimama. Hafiki chini, kwa hiyo huiangusha au hujirusha, na hapo ndipo naletewa kirengi, yaani mkono unaobeba pedali, kilichopinda na mtoto mwenye mkwaruzo kutoka goti hadi kifundo. Shida nyingine ni mkono wa breki. Mkono wa breki wa baiskeli kubwa umetengenezwa kwa kiganja kikubwa. Mtoto wa miaka sita anaufikia kwa ncha za vidole viwili na hana nguvu ya kuuvuta hadi raba zikamate rimu. Ninapopokea baiskeli ya mtoto, kitu cha kwanza ninachomwambia ni: shika breki kwa mkono mmoja, mimi nisukume. Ikiwa gurudumu linazunguka, baiskeli hiyo si yake, hata kama ni mpya. Zamani tulipenyeza miguu kwenye fremu, ni kweli, lakini barabara ya Nkuhungu haikuwa na bodaboda hata moja.

Sasa nije kwa Baba wa Wawili. Ubora wa baiskeli huko dukani ni kitu kimoja, na ubora wake baada ya miezi sita hapa Dodoma ni kitu kingine. Adui wa kwanza hapa ni mbigili. Wewe ni mwenyeji, unazifahamu: zile mbegu ngumu zenye miiba ambazo jua la Agosti likizikausha zinasimama njiani zikingoja, mwiba mmoja daima ukitazama juu. Wiki hii nimeweka tyubu ya mtoto kwenye beseni la maji nikahesabu matundu saba, vipovu vikitoka kama chungu kinachochemka, na mzazi alidhani ni pancha moja. Mtoto akipata pancha tatu kwa wiki baiskeli itatundikwa ukutani. Kwa hiyo, kabla hujauliza rangi, inama usome maandishi ya ubavuni mwa tairi. Utakuta namba kama 47-305 au 47-406. Ya kwanza ni unene kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Kwa inchi 16 iwe 305, na kwa inchi 20 iwe 406, kwa sababu hizo ndizo tairi na tyubu tunazozipata hapa. Zipo inchi 16 za 349 na inchi 20 za 451, ambazo kwa macho zinafanana kabisa na hizi, lakini tairi la kawaida haliingii. Nina moja imekaa kibandani tangu mwaka jana, mwenyewe anangoja tairi kutoka kwa ndugu yake.

Chagua tairi nene, milimita 47 au zaidi, kwani nyembamba zinazama kwenye kichanga cha Nzuguni na Iyumbu. Ukipata lenye utando wa kuzuia miiba, lipa hiyo nyongeza. Valvu iwe ya aina ya gari, ili pampu yoyote na kituo chochote cha mafuta kiweze kuijaza. Ile nyembamba ya Kifaransa, yenye kinati cha kukaza kichwani, itakusumbua.

Kuhusu breki, baiskeli nyingi za watoto za Ujerumani zina breki ya kukanyaga pedali kurudi nyuma. Breki hiyo haisumbuliwi na vumbi kwa kuwa imefungwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na inamfaa mtoto ambaye vidole vyake bado ni dhaifu. Ubaya wake ni kwamba mtoto hawezi kurudisha pedali nyuma ili aiweke mahali pazuri pa kuanzia safari, na ikiharibika mimi sina vipuri vyake. Kama ungekuwa mdogo wangu ningekushauri utafute yenye friwili, ambayo pedali hurudi nyuma bila kukamata breki, na breki za raba mbele na nyuma, kwa sababu raba hizo zinapatikana kila mahali. Gia usihangaike nazo kwa umri huo. Vumbi letu litazila kwanza.

Fremu ya alumini ni nyepesi, lakini ikipasuka welda wa kawaida wa hapa hataiunga, tofauti na ya chuma. Hata hivyo, katika miaka yangu yote sijaona fremu ya mtoto ikipasuka kwa matumizi ya mtoto. Nimeona ikipasuka kwa sababu shemeji mtu mzima aliazima kwenda dukani.

Mama wa Chamwino

Naomba niongeze upande wa wale tusiosafiri. Mimi nilinunua mbili hapa hapa Dodoma. Ya kwanza ilikuwa mpya, kutoka duka ambalo sitalitaja, na ilifungwa vibaya kiasi kwamba uma wa mbele ulikuwa umegeuzwa kinyumenyume, breki zikitazama nyuma, na pedali ya kushoto ilikazwa kwa nguvu hadi ikakata nyuzi. Fundi alinieleza kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha ile ya kulia, jambo ambalo aliyeifunga hakulijua. Ya pili ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, inchi 16, shilingi 85,000, na bado inatumika na mtoto wa pili. Kwa hiyo mtumba wa hapa si wa kudharau; tatizo ni kwamba huwezi kupanga utapata kipimo gani siku unayokwenda. Kama mnarudi na watoto wanaosubiri ahadi, ni bora mje nazo.

Halafu mzee wangu Mwalimu, si lazima mtu anunue mpya kila mara. Hapa kwetu Chamwino wazazi watatu tunapokezana: ya inchi 12 ilianza kwangu, sasa iko nyumba ya tatu, na kila anayeiachia huileta ikiwa imetiwa mafuta.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa

Marahaba, Fundi. Nimekuelewa kuhusu kusimama, na kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Hilo la kupokezana pia ni la busara, nami nitalipeleka kwa wazazi wa mtaani kwetu.

Baba wa Wawili, Leipzig

Nawashukuru sana wote. Jana usiku nilimpima binti kwa kitabu kama alivyoelekeza Mama Iyumbu, mara tatu kwa kuwa alikuwa anacheka na kujipinda, na nimepata sentimita 54. Mdogo wake ana 40. Nimempata mama mmoja mtaa wa pili anayeuza ya inchi 20, alumini, kiti kikishushwa kabisa kinakuwa sentimita 56 kutoka ardhini, tairi 47-406, valvu ya gari, breki zote mbili za mkono. Binti aliijaribu uani kwao: aligusa chini kwa nusu ya nyayo, na alipovuta breki nami nikasukuma, gurudumu halikuzunguka. Nimebaki na maswali mawili. Nizisafirisheje, na je, nitadaiwa ushuru nikifika?

Mama Iyumbu

Kipimo hicho kimekaa vizuri, inunue. Kwa mdogo wake tafuta isiyo na pedali ya inchi 12, na kuna za Puky ambazo tairi zake ni za povu gumu zisizojazwa upepo. Zinaruka kidogo kwenye kokoto, lakini kwa mbigili alizozieleza Fundi hilo ni jambo la kushukuru. Ukiikosa, nunua ndogo ya kawaida, zifungue pedali zote mbili, shusha kiti, na itafanya kazi ile ile.

Kuhusu safari, nenda duka lolote la baiskeli uombe boksi, kwani wao huyatupa. Toa pedali kwa spana ya milimita 15, ukikumbuka alichosema Mama wa Chamwino kuhusu ya kushoto. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani ulale sambamba na fremu, punguza upepo, na uweke kipande cha mti katikati ya miguu ya uma ili isibanwe ikapinda. Nati zote ziweke kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye fremu kwa utepe wa gundi. Sisi tulitia nati kwenye begi la nguo, na begi hilo likachelewa siku tisa, watoto wakikaa sebuleni wakitazama fremu. Baiskeli mbili ndogo zinaweza kuingia boksi moja na uzito ukabaki chini ya kilo 23, lakini mashirika ya ndege hutofautiana kuhusu ukubwa wa boksi, kwa hiyo wapigie simu ukiwa na vipimo mkononi. Kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, uliza kwanza masharti ya mizigo ya treni ya SGR kabla ya kukata tiketi. Sisi tulizileta kwa basi.

Kuhusu ushuru, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa mtu anayehamisha makazi, kwa vitu vyake binafsi na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Ndiyo maana nasema nunueni sasa, watoto waziendeshe huko, na mtunze karatasi ya mauziano pamoja na barua ya chuo inayoonyesha kwamba umemaliza na unarudi. Waandikie TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mapema, mpate jibu kwa maandishi.

Usisahau kofia ngumu, na hizo msinunue zilizotumika, kwa sababu kofia iliyokwisha kupigwa chini mara moja haionyeshi kwa nje kwamba imevunjika ndani. Tafuta alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli, na ikae vidole viwili juu ya nyusi. Nimeona watoto wa hapa wakiisukuma kisogoni kwa sababu ya joto, na ikiwa huko haikingi kipaji cha uso.

Fundi wa Majengo

Mama amemaliza yote. Mimi naongeza kwamba kwenye nafasi iliyobaki ndani ya boksi uweke tairi moja la akiba lenye utando wa miiba la hiyo inchi 20. Tyubu usibebe, ninazo. Ukifika usiifunge peke yako usiku kwa haraka ya watoto. Ilete nikukagulie beringi na nikaze spoki, kwa sababu mtikisiko wa safari huzilegeza.

Baba wa Wawili, Leipzig

Nimeichukua leo asubuhi, euro 140 pamoja na kengele. Binti ameomba ilale chumbani kwake, na kaka yangu wa Nkuhungu nimempelekea mazungumzo haya yote ayasome. Fundi, niwekee tyubu mbili za 406. Tutakuwa kwako Jumamosi ya kwanza baada ya kufika.